Mashabiki wa Lubumbashi: Ndola ni karibu, Kinshasa ni mbali, Goma haifikiki

Siku ya mechi kati ya TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, shabiki wa Lubumbashi hahitaji tiketi ya basi. Kutoka Kamalondo, kilipo kiwanja cha Mazembe, hadi komini ya Kenya, kilipo kiwanja Frédéric Kibassa Maliba, watu wanatembea kwa miguu. Upande mmoja ni nyeusi na nyeupe, upande mwingine manjano na buluu. Njiani wanataniana, wanaimba, wananunua maji na karanga, na polisi wanajipanga kwenye njia panda. Katika mpira wa Kongo ni vigumu kupata safari ya ugenini iliyo fupi kuliko hiyo, na kwa wengi ndiyo pekee ambayo mfuko wao unaiweza.

Ukitoka nje ya mji hesabu inabadilika, tena kwa namna ambayo ramani ya nchi haiwezi kueleza. Shabiki wa Mazembe anaweza kufika kwenye kiwanja cha Ndola, nchini Zambia, na kurudi kulala nyumbani siku ya pili. Kiwanja cha Mbuji-Mayi, kilicho ndani ya nchi yake, pengine hatakiona maisha yake yote. Huko Goma hata timu yenyewe ingeshindwa kumpeleka.

Marekani kuna mashabiki wa mchezo wa besiboli wanaojiwekea lengo la kuzuru viwanja vyote 30 vya ligi kuu. Wengine wanakwenda na gari la familia wakati wa likizo, kiwanja hiki leo, kile kesho kutwa, wakikusanya tiketi na picha. Uingereza wako wanaohesabu viwanja 92 vya timu za madaraja manne ya juu. Huko ni burudani ya mtu mwenye muda na pesa kidogo, na inawezekana kwa sababu barabara ipo, reli ipo, kalenda ya mechi inajulikana mapema, na hakuna mtu mwenye bunduki anayemuuliza shabiki anakwenda wapi. Kila kimoja kati ya vitu hivyo vinne kina hadithi yake katika Kongo.

Tuanze na barabara. Kutoka Lubumbashi, viwanja vya ligi ya taifa, Linafoot, ambavyo gari la abiria linaweza kufikia bila kumuumiza mtu vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kuna Likasi, kama kilomita 120. Kuna Kolwezi, kama kilomita 300, kwenye lami ya malori ya madini, na peaje za kulipa njiani. Timu ikienda kucheza Kolwezi, mabasi ya mashabiki yanatoka alfajiri na usiku yanarudi. Baada ya hapo lami inakwisha, na safari ya shabiki wa kawaida inakwishia hapo hapo.

Upande wa kusini mambo ni tofauti kabisa. Mpaka wa Kasumbalesa uko kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Ukivuka unapita Chililabombwe, Chingola na Kitwe, miji ya shaba inayofanana na ya Katanga hata kwa majengo yake, kisha unafika Ndola, safari ambayo haifiki kilomita 300. Pale kuna kiwanja Levy Mwanawasa, kilichojengwa na Wachina na kufunguliwa 2012, chenye nafasi za watu wanaokaribia 50,000. Wakati Mazembe na ZESCO United ya Ndola walipopangwa kundi moja katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2019-2020, safari ya ugenini ilikuwa fupi kuliko ile ya Kolwezi. Lugha pia haikusumbua sana, kwa kuwa Kibemba kinasemwa pande zote mbili za mpaka.

Barabara hiyo hiyo, ukiendelea nayo hadi Nakonde na Tunduma, inakufikisha Dar es Salaam. Ni kama kilomita 2,000, njia ya malori yanayobeba shaba kwenda bandarini. Mwisho wake kuna kiwanja Benjamin Mkapa, cha watu 60,000, kilichofunguliwa 2007. Mazembe wamekizoea. Aprili 2019 walitoka sare ya 0-0 na Simba huko, wakaja kuwafunga 4-1 Lubumbashi. Februari 2023 walifungwa na Yanga 3-1 pale Dar, na Januari 2025 wakafungwa tena na Yanga hao hao kwa 3-1. Kwa shabiki wa Lubumbashi anayesema Kiswahili, Dar ni ugenini ambako anaelewa matusi yote anayotupiwa jukwaani na anaweza kuyajibu. Kinshasa, kwenye Kilingala, si kila mtu wa Katanga anaweza kusema hivyo.

Lakini barabara ya kusini nayo ina ufunguo, na ufunguo haushikwi na shabiki. Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache, baada ya mvutano kuhusu zuio la Kongo dhidi ya vinywaji vinavyotoka Zambia. Malori yalisimama, wafanyabiashara wadogo walikwama. Miaka sita kabla ya hapo, Agosti 2018, mpaka huo huo ulifungwa mbele ya Moïse Katumbi, rais wa TP Mazembe tangu 1997 na gavana wa zamani wa Katanga, alipotaka kuingia nchini ili kuweka jina lake kwenye orodha ya wagombea urais. Hakuruhusiwa. Alirudi Lubumbashi Mei 2019 tu. Kama rais wa klabu alikwama Kasumbalesa, shabiki aliyekaa kwenye kiti cha nyuma cha basi hana la kushangaa akiambiwa karatasi yake haitoshi.

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na kwa mtu anayetaka kuwahi mechi hakuna njia nyingine zaidi ya ndege. Hapo ndipo ligi ya taifa inapogawanya watu wake. Mchezaji, kiongozi, mwandishi wa habari na mashabiki wachache waliolipiwa wanapanda. Wengine wote wanabaki na redio, simu na televisheni ya jirani. Kwa sababu hiyo hiyo ya umbali na gharama, ligi yenyewe katika misimu ya karibuni imechezwa kwa makundi mawili, la mashariki na la magharibi, kabla ya timu bora kukutana mwishoni. Kwa mweka hazina wa klabu huo ni uamuzi wa busara. Kwa shabiki, maana yake ni kwamba timu za Kinshasa anaziona mara chache zaidi kuliko babu yake alivyoziona.

Wanaofika Kinshasa wanakuta kiwanja cha Martyrs, kikubwa kuliko vyote nchini, chenye nafasi za watu 80,000. Kilifunguliwa 1994 kwa jina la Kamanyola. 1997, baada ya Mobutu kuondoka, kilipewa jina la mashahidi wa Pentekoste, yaani wanasiasa wanne walionyongwa mbele ya umati Juni 1966. Mmoja wao, Évariste Kimba, alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Katanga iliyojitenga, kisha 1965 akateuliwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Shabiki wa Lubumbashi anayekaa pale amekaa kwenye kaburi la heshima la mtu wa kwao, na mara nyingi hajui, kwani hakuna aliyemweleza.

Kiwanja kingine cha Kinshasa kinabeba kumbukumbu ya karibu zaidi. Tata Raphaël ni pale Muhammad Ali alipompiga George Foreman, tarehe 30 Oktoba 1974. Na ni pale pale, tarehe 11 Mei 2014, AS Vita Club walipokuwa wanacheza na TP Mazembe. Mazembe walikuwa mbele 1-0. Vitu vikaanza kurushwa, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia milangoni, wakakanyagana. Viongozi walitangaza vifo vya watu 15. Walikuwa wamekuja kuangalia mpira siku ya Yenga mchana.

Baada ya msiba ule kulikuwa na ahadi za kawaida kuhusu usalama. Lakini angalia jinsi mechi kubwa zinavyopangwa hadi leo: mara nyingi swali la mashabiki wa ugenini linajibiwa kwa kuhakikisha hawapo, au ni wachache kiasi cha kukaa nyuma ya kamba moja ya polisi. Kwa mkuu wa polisi ni jibu rahisi. Hata hivyo, watu 15 wa Tata Raphaël hawakufa kwa sababu mashabiki wa Lubumbashi walikuwa wengi mno. Gesi ilirushwa ndani ya kiwanja kilichojaa, na njia za kutokea hazikutosha. Kumzuia mtu wa Kamalondo asipande ndege hakupanui mlango hata mmoja.

Mashariki, hadithi ni ya vita. Kiwanja cha Unité cha Goma na kile cha Concorde cha Kadutu, Bukavu, vilikuwa kwenye ratiba ya ligi kama vingine. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Tarehe 6 Februari 2025 kiwanja cha Unité kilijaa watu, lakini hakukuwa na mechi: Corneille Nangaa, kiongozi wa AFC, muungano ambao M23 imo ndani yake, aliwahutubia wakaaji walioitwa pale. Vijana waliokuwa wakija kuangalia Dauphin Noir walisikiliza hotuba kwenye ngazi zile zile. Si mara ya kwanza katika nchi hii kiwanja cha mpira kuwa mahali ambapo mwenye nguvu mpya anajitambulisha. Mobutu naye alivijua vizuri viwanja.

Kindu haikuingiwa na waasi, lakini mashabiki wake walipata adhabu ya aina nyingine. AS Maniema Union walipofika kwenye makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024-2025, dhidi ya Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR, mechi za nyumbani walizichezea Kinshasa, kwenye Martyrs. Kwa mtu wa Kindu, "nyumbani" kukawa safari ya ndege. Katika msimu huo huo Al Hilal ya Sudan, iliyokuwa kundi moja na Mazembe, ilikuwa inapokea wageni wake Nouakchott, Mauritania, kwa sababu ya vita vya Khartoum. Msudani alikuwa na vita ya kumlaumu. Mtu wa Kindu alikuwa na masharti ya CAF, na kiwanja ambacho hakikufikishwa kwenye kiwango hicho.

Ndiyo maana wakaaji wa Lubumbashi wana bahati ambayo wanaisahau. Kiwanja cha Kamalondo, kilichofunguliwa 2011, chenye nafasi kama 18,500 na nyasi bandia, ni mali ya klabu, si ya serikali, na Afrika inakuja kuchezea pale. Novemba 2015 USM Alger walikuja kufungwa 2-0 katika fainali, na Mazembe wakachukua kombe la tano la mabingwa wa Afrika. Shabiki wa Lubumbashi hasafiri sana kwa sababu nchi haimruhusu, lakini pia kwa sababu wengine wanasafiri kumfuata. Mwenzake wa Kindu hana hata hilo.

Kuna Kasai pia, na hapo inafaa kusema polepole. Reli inatoka Lubumbashi, inapita Kamina na Mwene-Ditu, inafika Kananga hadi Ilebo. Kwenye karatasi ni njia ya shabiki. Kwa kweli ni treni ambayo inaweza kuchukua siku nyingi, na hakuna anayeanza safari hiyo kwa ajili ya dakika 90. Barabara ya Nguba kwenda Mbuji-Mayi imekuwa kwenye ahadi na kwenye kazi kwa miaka mingi. Lakini umbali kati ya Katanga na Kasai haukujengwa na matope peke yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya treni wakisubiri mabehewa, na wengi walifia pale au njiani. Wazee wa miji hiyo wanakumbuka. Sanga Balende ya Mbuji-Mayi inapokuja Lubumbashi, haiji na mabasi ya mashabiki. Inawakuta tayari, watoto na wajukuu wa waliobaki au waliorudi, wanaokaa Lubumbashi na kula bukari kama wengine. Wimbo mmoja wa kijinga jukwaani siku hiyo una uzito kuliko siku nyingine yoyote, na viongozi wa vikundi vya mashabiki wanaouzima mapema wanafanya kazi ambayo wizara haiandiki kwenye ripoti zake.

Swali la nani analipa linakuja mwisho ingawa lingeweza kuja mwanzo. Shabiki wa besiboli wa Marekani analipa mwenyewe, basi anakwenda anakotaka. Hapa, nyuma ya basi la mashabiki mara nyingi kuna mkubwa: rais wa klabu, mgombea, mfanyabiashara. Mkubwa huyo anajulikana, na watu wanamwimba. Katika Lubumbashi jambo hili lina sura ya wazi: Mazembe ni ya Katumbi, mpinzani aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais wa Disemba 2023, na Lupopo imeongozwa na Jacques Kyabula, aliyekuwa gavana wa Haut-Katanga tangu 2019, katika kambi ya serikali. Mashabiki wa timu hizi mbili, zote zilizoanza 1939, wengi wao hawakuchagua timu kwa siasa. Walirithi. Lakini anayekaa kwenye basi la mtu hawezi kushuka katikati ya njia, na T-shati anayopewa siku ya mechi inaweza kuombwa ivaliwe siku ya mkutano.

Hilo halifuti mazuri yaliyotokana na ukarimu huo. Disemba 2010, huko Abu Dhabi, Mazembe waliwafunga Pachuca ya Meksiko 1-0 na Internacional ya Brazili 2-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Inter ya Milan iliwafunga 3-0, lakini dunia ilikumbuka kipa Kidiaba akirukaruka ameketi, na Wakongomani waliokuwa jukwaani wakicheza kana kwamba wako Kamalondo. Bila mtu wa kuwalipia, wengi wao wasingeliona jukwaa lile. Miaka mitano baadaye, huko Osaka, Sanfrecce Hiroshima waliwatoa Mazembe kwa 3-0, na walioweza kufika Japani walikuwa wachache zaidi.

Katika Kombe la Afrika la Morocco, Disemba 2025 na Januari 2026, shabiki mmoja Mkongomani alijulikana kuliko wachezaji wengi. Michel Kuka Mboladinga alisimama jukwaani mechi nzima bila kusogea, mkono juu, amevaa suti, kama sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Limete, Kinshasa. Kongo walipotolewa na Algeria kwa 1-0 katika dakika za nyongeza, alilia, na picha yake ikazunguka dunia. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961 porini, si mbali na Lubumbashi. Mji huu uliangalia kwenye televisheni mtu aliyesafiri hadi Rabat kumsimamisha tena.

Mambo ambayo yangeweza kufanyika sasa hivi hayahitaji lami mpya. Shirikisho la mpira, FECOFA, linaweza kuweka sharti kwamba kila klabu ya ligi itenge sehemu ya viti kwa wageni, yenye mlango wake, na itangaze idadi yake kabla ya mechi. Linafoot inaweza kutoa kalenda mapema na kuiheshimu, kwani hakuna anayenunua tiketi ya ndege kwa mechi inayoweza kuahirishwa siku mbili kabla. Vilabu vinaweza kuuza nafasi za basi kwa bei inayojulikana, hata kidogo kidogo kwa mwezi, ili anayekwenda Kolwezi awe amejilipia. Polisi wa Lubumbashi na wa Ndola wamekwisha kupokea mashabiki wa pande zote mbili za mpaka. Wanajua jinsi basi la wageni linavyosindikizwa hadi kiwanjani na kurudi.

Kwa sasa, timu ikienda Kinshasa, watu wa Kamalondo wanatoa viti nje, mwenye jenereta anawasha kama umeme umekatika, na mechi inaangaliwa kwenye kioo kimoja na watu arobaini. Lupopo wakifunga mahali fulani siku hiyo hiyo, kelele inasikika kutoka Kenya.